Washika Mawili wa Kilwa

Mwezi Januari mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo walioupa jina Dungeons & Dragons. Ulikuwa ni vijitabu vitatu ndani ya boksi. Wachezaji waliketi kuzunguka meza, kila mmoja akabuni mtu wake na kumsemea, na dadu zikaamua kama upanga umepata au umekosa. Lakini kabla dadu hazijarushwa, kila mchezaji alitakiwa amchagulie mtu wake fani: awe mpiganaji, awe mchawi, au awe mtu wa dini.

Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Je, mtu ashike fani moja mpaka abobee, au achanganye? Kitabu cha kanuni cha mwaka 1978 kilikata shauri hivi: viumbe wa hekaya wasio binadamu waliruhusiwa kushika fani mbili au hata tatu kwa pamoja, ila alama za uzoefu walizochuma ziligawanywa kati ya fani hizo, hivyo wakapanda ngazi polepole kuliko wenzao. Binadamu alinyimwa ruhusa hiyo. Akitaka fani nyingine, sharti aiache ya kwanza na kuanza upya kutoka chini. Ilipofika mwaka 2000 toleo jipya likafungua mlango kwa kila mtu, na ubishi ukazidi.

Mwaka huohuo wa 1974, Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki jijini Nairobi ilichapisha juzuu mbili za Neville Chittick kuhusu uchimbaji wake wa magofu ya Kilwa Kisiwani. Mchezo ule na kitabu hiki havijuani kabisa. Hata hivyo, swali ambalo vijana wa Wisconsin walilibishania mezani, watu wa pwani hii walikuwa wameliishi kwa karne nyingi, na majibu yao yamo katika mawe, sarafu na kumbukumbu. Wazee husema mshika mawili moja humponyoka. Kilwa ilitawaliwa na washika mawili, na kwa muda mrefu hawakuponyokwa na kitu. Kilichowawezesha kushika mawili ndicho kinachonishughulisha hapa, pamoja na watu ambao mikono yao ilishika kazi moja tu.

Tuanze na upepo, kwa kuwa ndio uliompangia kila mtu wa hapa ratiba yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka kusini. Kusi ikianza, vilirudi makwao. Nahodha aliyefika Kilwa aliweza kuuza, kununua na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Akitaka kwenda mbele mpaka Sofala, kwenye dhahabu iliyotoka bara, upande wa Zimbabwe, msimu ulimwacha na ikambidi alale ugenini mpaka mwaka wa pili. Kwa hiyo wageni waliishia Kilwa, na watu wa Kilwa wakaenda Sofala wenyewe kwa vyombo vyao. Mji mmoja ukawa ghala la wageni na wakati huohuo bandari ya mabaharia wake.

Katika mji wa namna hiyo, mtu anayejua kitu kimoja tu hukaa bure nusu ya mwaka. Mfanyabiashara alihitaji kujua bahari. Baharia alihitaji shamba la mtama bara au nyavu za kumlisha wakati vyombo vimepandishwa pwani. Katika kisiwa jirani cha Songo Mnara, mji wa mawe uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16, uchimbaji ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher kuanzia mwaka 2009 umeonyesha jinsi vyumba vya nyumba moja vilivyobeba shughuli nyingi. Humo walikuta sarafu za shaba, shanga, na vile vidude vya duara vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu ili kusokotea uzi wa pamba. Kilwa Kisiwani nako Chittick aliviokota kwa wingi. Nyumba ya tajiri wa Songo Mnara ilikuwa duka, karakana na makazi, na uzi uliosokotwa humo ulisaidia kujenga utajiri wake sawasawa na dhahabu ya Sofala.

Hata hadithi ya kuanzishwa kwa utawala ina mtu wa fani nyingi. Kumbukumbu za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na zile ambazo Mreno João de Barros alizichapa mwaka 1552, zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyesemekana kutoka Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wake wa asili kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mkalimani katika biashara hiyo alikuwa Mwislamu mwenyeji, Muriri wa Bari. Mtawala wa zamani alipohamia bara alikusudia kurudi kwa vita maji yakitoka, maana wakati wa maji kupwa kisiwa kilifikika kwa miguu. Ali akakichimba kile kivuko mpaka maji yakawa hayakauki tena. Wanahistoria wa leo hawaichukui hadithi hii kuwa ripoti ya tukio. Mimi naisoma kama picha ya mtu ambaye watu wa Kilwa walimwona anastahili kuwatawala: mwenye bidhaa, mwenye maneno ya kupatana na wenyeji, na mwenye akili ya kuchimba mfereji kabla adui hajafika.

Picha hiyo ilipata mwili mwanzoni mwa karne ya 14, katika ukoo wa Mahdali. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu mwaka 1310 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1330, alijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipaji na zawadi. Kumbukumbu zinasema alisafiri kwenda kuhiji angali kijana, akakaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini, akafika Makka na kurudi. Kiti alikikuta kimeshikwa na ndugu yake Daud, naye Daud akamrudishia. Mtawala huyu alikuwa amekaa chini ya walimu kabla ya kukaa juu ya watu.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na maelezo yake yanamwonyesha sultani akiwa na fani tatu kwa mpigo. Alikuwa mpiganaji, akipeleka majeshi bara na kurudi na ngawira. Alikuwa mtu wa dini, akitenga sehemu ya tano ya ngawira ile na kuwagawia masharifu waliomjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Tena alikuwa mtu wa watu, akikaa na mafukara na kula nao. Msafiri yule anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya swala, fukara kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili nguo na kumpa zile alizozivua. Mwanawe akazikomboa kwa yule fukara kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akamwongezea fukara watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimelitafakari sana tukio hilo, maana ukarimu wote uliosifiwa hapo ulilipwa kwa watu. Binadamu ishirini walihamishwa kutoka mkono hadi mkono mchana mmoja ili mtu mmoja aonekane mwema. Upanga ulileta mateka, biashara ikawafanya mali, na dini ikawagawa kwa mkono wa kulia. Fani za Abu al-Mawahib zilisaidiana kwa namna ambayo kila moja iliilisha nyingine, na hiyo ndiyo siri ya nguvu zake. Ndiyo pia hatia yake.

Mali hiyo ilijenga. Juu ya mwamba unaotazama bahari, mashariki ya mji, alisimamisha Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, ua wa biashara, ghala na birika la kuogelea lenye pembe nane. Jiwe lenye maandishi ya jina lake lilikutwa humo. Aliupanua Msikiti Mkuu kuelekea kusini kwa matao na kuba. Alipiga sarafu, na zipo hata chache za dhahabu zenye jina lake, jambo la nadra sana katika pwani hii. Sarafu yake ya shaba ilikutwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Sarafu nyingine za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakuna aliyekwisha kueleza kwa hakika zilifikaje huko.

Hata hivyo, Husuni Kubwa halikukamilika. Waliolichunguza, Chittick na Peter Garlake, waliona sehemu ambazo ujenzi ulikomea njiani. Ibn Battuta naye anaeleza kwamba Abu al-Mawahib alipofariki na Daud kushika nafasi yake, waombaji walijibiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Kanuni ya ule mchezo wa Wisconsin, kwamba anayegawa uzoefu wake hupanda polepole, haikumpata sultani huyu kwa namna hiyo. Yeye alipanda upesi. Deni lilimwangukia aliyerithi.

Na sasa nataka kukaa kidogo na watu waliolijenga jumba lile, maana Ibn Battuta aliwapita bila kuwataja.

Kilwa ilijengwa kwa matumbawe, na kuna matumbawe ya aina mbili. Lile la nchi kavu ni gumu na la kukwaruza, hufaa kujazia ukuta. La pili hukatwa likiwa hai miambani, chini ya maji. Likitoka baharini huwa laini na hukubali kuchongwa kwa tezo na patasi. Likikauka hukakamaa, na fundi aliyechelewa amelikosa. Kutokana na jiwe hilo walitoa vizingiti, fremu za milango, mihirabu, na nguzo za msikiti zilizochongwa kwa jiwe moja zima. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha kuzimwa kwa maji na kuachwa mpaka iive. Paa la kawaida lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo sababu vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba. Kuba na tao vilimwondolea fundi kifungo hicho. Lakini kuba haikosewi. Jiwe moja likikaa vibaya, yote inarudi chini.

Mtu hajifunzi hayo katika miezi anayosubiri upepo. Mwashi wa Kilwa alikaa katika kazi yake tangu utoto, akaanza kwa kubeba chokaa na akaishia kupima tao kwa jicho. Lake lilikuwa moja. Tunajua ustadi wa watu hawa ulikuwa na kikomo cha kizazi, kwa kuwa upanuzi ule wa msikiti ulianguka, na ulipojengwa upya katika karne ya 15 nguzo za jiwe moja ziliachwa, zikawekwa nguzo za mawe madogo yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Nguzo hizi mpya zimesimama mpaka leo na kuba juu yake, nazo ni kazi ya kuheshimiwa. Sultani wa wakati huo tunamjua kwa jina. Mwashi aliyegundua kwamba chokaa na kokoto zitabeba kile ambacho jiwe zima lilishindwa kukibeba hatumjui, na katika kuandika historia ya pwani hii hilo ndilo pengo linaloniuma kuliko yote.

Karne hiyo ya 15 ilikuwa ya watu waliobanwa na nafasi zao. Serikali ya Kilwa ilikuwa na sultani, amiri, waziri na kadhi, na kila cheo kilikuwa na mipaka yake. Amiri aliongoza jeshi na waziri aliongoza shauri, lakini hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuketi penye kiti bila damu ya ukoo. Basi wakawa wanawaweka na kuwaondoa masultani kama wapendavyo. Ilipofika mwaka 1502, mtawala halisi alikuwa Amiri Ibrahim, mtu wa upanga aliyeshika kazi ya usultani bila haki ya jina hilo. Mwaka huo Vasco da Gama alikuja na mizinga na kumtoza kodi ya dhahabu. Ibrahim akamtoa tajiri wa mji, Muhammad Ankoni, awe rehani, kisha akamtelekeza melini, na Ankoni ikambidi ajikomboe kwa fedha yake mwenyewe.

Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, wanajeshi wake wakaupora, Ibrahim akakimbilia bara, na Wareno wakamvisha Ankoni taji. Aliyekuwa mfanyabiashara akawa mfalme kwa siku moja, bila jeshi lake na bila ukoo wa kumtetea. Inafaa akumbukwe kwa jambo moja la haki: aliomba urithi wa kiti umwendee mtoto wa sultani aliyeuawa na Ibrahim, siyo mtoto wake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliuawa. Wareno nao waliiacha ngome yao mwaka 1512, biashara ya dhahabu ikiwa imeshahama mikononi mwa Kilwa. Mwaka 1587 wapiganaji waitwao Wazimba waliingia kisiwani usiku, wakiongozwa na msaliti aliyewaonyesha kivuko, na wakaua watu kwa maelfu.

Nitamtaja mshika mawili mmoja wa kigeni, kisha nimpite. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, aliyesomea upasuaji na kufanya kazi ya utabibu wa melini, alitia saini mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa. Kila mwaka angenunua watumwa elfu moja kwa piasta ishirini kila kichwa, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Elimu ya kumponya mtu alikuwa nayo, lakini alichagua kuuza miili. Baada yake biashara hiyo ikakua mikononi mwa Waomani wa Zanzibar, ikahamia Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, na katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa ikaishia hapo.

Kutoka Kivinje hiyo alitokea Hassan bin Omari Makunganya, mtu wa misafara, na biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya mali yake. Wajerumani walipoitwaa pwani na kutaka ushuru na utii, aligeuka kuwa jemadari. Mwaka 1894 watu wake waliishambulia boma ya Kivinje. Silaha yake nyingine ilikuwa kalamu: aliandikiana barua na wakubwa wa mji, kila mmoja kwa siri. Alipokamatwa mwaka 1895, nyaraka zake zilikamatwa pia, na majina yaliyokuwemo yakawafikisha wengine kwenye kitanzi pamoja naye. Mahali waliponyongewa panaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Kalamu iliyoyaunganisha maasi ndiyo iliyowaumbua walioasi.

Miaka kumi baadaye, kwenye milima ya Umatumbi na bonde la Rufiji, kaskazini magharibi ya Kilwa, alisimama mtu ambaye hakuwa na mali wala jeshi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mganga. Kwa simulizi alizokusanya Gilbert Gwassa kutoka kwa wazee katika miaka ya 1960, Kinjikitile alitwaliwa na pepo wa Hongo mwaka 1904, akaingia katika kidimbwi cha mto mbele ya watu, na kesho yake akatoka akiwa mkavu, akianza kutoa unabii. Watu wakamiminika Ngarambe kuchukua maji yake, dawa iliyoaminiwa kuwakinga na risasi.

Mganga wa kawaida angeishia hapo, akapokea wagonjwa na kutoa dawa. Kinjikitile aliingia katika kazi nyingine. Aliwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani kwa kuwaambia kuwa wote ni wa familia moja. Aliwatuma wajumbe, walioitwa nao hongo, wapeleke dawa mbali. Habari zilienea kwa kunong'onezana, njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Waliokuja kuchukua maji walifundishwa pia likinda, yaani mazoezi ya kivita, na Wajerumani hawakujua kinachoandaliwa. Uganga wake ulibeba uamiri ndani yake, na bila uganga ule hakuna amiri aliyeweza kuwakusanya Wamatumbi, Wandengereko na Wangindo chini ya neno moja.

Hapo ndipo gharama ya kushika mawili ilipojitokeza. Mganga husubiri ishara. Kinjikitile aliwaambia watu wasianze vita mpaka atoe amri, naye hakuitoa. Waliofundishwa kupigana hawakuvumilia zaidi, kwa sababu pamba ya kulazimishwa ilikuwa inaota shambani na viboko vya akida vilikuwa mgongoni mwao kila siku. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, miche ya pamba iling'olewa, na vita vikaanza bila nabii wake. Samanga ikachomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Mwezi huohuo boma ya Liwale ikaanguka mikononi mwa wapiganaji, na maji yakaendelea kusafiri mpaka Ungoni, mbali na mtu aliyeyatoa. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomewa mashamba na maghala, wanakadiriwa kuanzia 75,000, na wapo wanaofika 300,000.

Wapo wanaomlaumu Kinjikitile kwa udanganyifu. Ebrahim Hussein aliigeuza lawama hiyo kuwa swali katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, na tangu hapo hakuna msomaji wa Kiswahili anayeweza kuitupa hukumu kirahisi. Langu ni hili: Kinjikitile alishika mawili kwa kuwa watu wake hawakuwa na mtu mwingine wa kuwashikia hata moja. Wamatumbi hawakuwa na sultani wala amiri. Kazi ambayo Kilwa ya kale iliigawa kwa vyeo vinne, Ngarambe iliiweka juu ya mabega ya mganga mmoja.

Vita vilipokwisha, nchi ya nyuma ya Lindi ilikuwa na njaa na makaburi. Katika hali hiyo, mwaka 1906, mhandisi wa madini Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Mwaka 1909 Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin ikatuma msafara chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ikaendelea mpaka mwaka 1913. Wataalamu wa Kijerumani walikuwa wachache sana. Wachimbaji, wasafishaji na wapagazi, wenyeji watupu, walikaribia 500 katika msimu mkubwa. Wengi walikuwa wakulima, na vita vilikuwa bado vibichi miilini mwao.

Msimamizi wao, mnyapara mkuu, aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye ninayemweka mbele ya wote niliowataja, kwa upande wa wale walioshika moja.

Mfupa wa dinosaria uliolala ardhini miaka milioni 150 ni jiwe lenye nyufa. Jembe likipiga vibaya, unapata kifusi. Mchimbaji huondoa udongo kwa chombo kidogo, huacha mfupa ukae juu ya kitako cha udongo wake, huupaka gundi au udongo wa mfinyanzi, kisha huufunga. Tendaguru vifungashio vya Ulaya havikutosha, ikabidi mifupa izungushiwe mianzi iliyofungwa kwa kamba na kujazwa nyasi na udongo. Boheti aliijua kazi hiyo kuliko yeyote pale. Alitambua mfupa kwa ncha yake tu, alijua wapi kisu kisimame, na aliwafundisha wengine mpaka mashimo mengi yakaweza kuchimbwa kwa wakati mmoja huku Wajerumani wakiwa kwenye shimo jingine au kitandani na homa. Baada ya hapo mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo.

Mwaka 1937 mifupa ya mnyama mrefu kuliko wote waliotoka huko ilisimamishwa ukumbini Berlin. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mamilioni ya watu wamempita wakiinua shingo. Mikataba ya sultani na amiri haina nguvu tena, Husuni Kubwa ni gofu, lakini mnyama huyo yuko wima kwa sababu wakulima wa Lindi walijifunza kazi moja ngumu na kuifanya bila kuharibu.

Ndiyo maana siridhiki na jinsi ubishi wa fani moja na fani nyingi unavyoendeshwa na wachezaji, na pia na wanahistoria. Wote humtazama shujaa pekee na kuuliza kipi kinampa nguvu zaidi. Abu al-Mawahib aliweza kuwa msomi, mpiganaji, mfadhili na tajiri kwa pamoja kwa sababu chini yake walikuwapo waashi, mabaharia, wasokotaji na mateka, kila mmoja akiwa amefungwa kwenye kazi yake. Kinjikitile, aliyekosa watu wa namna hiyo, alilipia kwa shingo yake. Mwenye fani nyingi husimama juu ya wenye fani moja, na hesabu yoyote inayowaacha hao nje ni hesabu pungufu.

Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani, Kristian Remes, alipoichunguza upya mifupa ya Tendaguru iliyoko Berlin, alitambua dinosaria wa aina isiyojulikana na kumwita *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Heshima hiyo ilichukua karibu miaka mia moja kumfikia, na mamia aliofanya nao kazi hawajaipata. Wajukuu zao wapo Lindi, Kilwa na vijiji vya kuzunguka Tendaguru. Ewe msomaji wa huko, kama kwenu kuna mzee anayekumbuka nani katika ukoo alichimba, nani alibeba, nani alichoma chokaa au kuchonga mlango, mwulize mapema, na uandike jina la mtu pamoja na jina la kazi yake.